Kipimo cha CD4: kinachohesabiwa, na kinachoiharibu sampuli

Namba inayoandikwa kwenye kadi ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) baada ya kipimo cha CD4 ni idadi ya seli nyeupe za aina ya T zenye protini iitwayo CD4 katika maikrolita moja ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 hadi 1,500 hivi. Zikishuka chini ya 200, VVU vimefikia hatua ya juu.

Protini hiyo ni mnyororo mmoja wa asidi amino (vijenzi vya protini) 433. Sehemu yake kubwa iko nje ya seli, imejikunja kuwa vipande vinne vinavyofuatana kama pingili za muwa: D1 nchani, D4 karibu na utando wa seli. Mnyororo hupenya utando mara moja, na mkia mfupi hubaki ndani ukiwa umeshikana na kimeng'enya Lck kinachopeleka ishara. D1 ndiyo hushika molekuli za MHC za daraja la pili, zile zinazoonyesha vipande vya vimelea. VVU navyo hunasa kwenye D1 hiyohiyo. Protini gp120 ya kirusi ina kishimo, na asidi amino ya 43 ya CD4, fenilalanini, huingia humo. Bado mlango haujafunguka: lazima gp120 ibadili umbo na kushika protini ya pili, CCR5 au CXCR4.

Maabara hutumia kingamwili zenye rangi ing'aayo, za CD4 na pia za CD3, protini ya seli T. Monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo hubeba CD4 kidogo; bila CD3, zingehesabiwa pamoja na seli T.

Makosa mengi hutokea kabla ya mashine. Damu iwekwe kwenye chupa ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau, ijae hadi alama, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Ikiganda hata kidogo, seli hunaswa kwenye bonge na namba hushuka kwa uongo. Chukua nyingine, usijaribu kuiokoa. Sampuli inayotoka Rombo au Same kuja Moshi isigusane na barafu. Inataka nyuzi 18 hadi 25, na jua la Februari kwenye bodaboda hupita hapo haraka sana.

CD4 huwa chache asubuhi kuliko jioni, na homa huzishusha. Kwa hiyo kutoka 350 hadi 310 si habari. Tungependa upimwe saa zilezile kila mara. Kama dawa zinafanya kazi, hilo huulizwa kipimo cha wingi wa virusi. Aliye chini ya 200 achunguzwe kifua kikuu na kriptokoka (maambukizi ya kuvu) hata kama hana dalili.