Sekunde 3 kwenye ncha ya kidole: kupima mzunguko wa damu kwa mgonjwa mahututi

Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yaliyovuruga mwili mzima) akishawekewa dripu na kuanzishiwa noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, wastani wa shinikizo hilo ukafika milimita 65 za zebaki, chumba kizima hushusha pumzi. Lakini namba hiyo ni ya mishipa mikubwa. Haikuambii kama damu inafika kwenye figo, utumbo au ngozi. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kisichohitaji hata waya mmoja: muda wa damu kurudi kidoleni.

Namna iliyotumika kwenye utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK ni hii. Chukua slaidi ya kioo, ile ya darubini ya maabara. Ikandamize kwenye nyama ya ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia mpaka uone kupitia kioo kwamba ngozi imepauka, kisha shikilia hivyo hivyo sekunde 10. Achia, na papo hapo anza kuhesabu kwa saa hadi rangi irudi ilivyokuwa. Ikizidi sekunde 3, mzunguko haujakaa sawa.

Makosa huingia kwenye vitu vidogo. Anayebonyeza sekunde 2 hasukumi damu yote nje, hivyo rangi hurudi upesi na mgonjwa anaonekana mzima. Anayehesabu kichwani huhesabu haraka akiwa na wasiwasi. Mkono uliokaa karibu na kiyoyozi huchelewesha damu hata moyo ukiwa imara, kwa hiyo ufunike kwanza upate joto. Uweke usawa wa moyo, usining'inie pembeni mwa kitanda. Kwa ngozi nyeusi, kucha hudanganya, hasa ikiwa na rangi; nyama ya ncha ya kidole ni nyeupe zaidi na husomeka vizuri, mradi taa iwe kali. Kidole kilichovimba maji, au cha mtu ambaye mishipa yake ya mikono imeziba kwa ugonjwa wa siku nyingi, usikitegemee.

Utafiti wenyewe ulichapishwa 2019. Wagonjwa 424 wa sepsisi katika vyumba 28 vya wagonjwa mahututi vya nchi 5 za Amerika Kusini waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja liliongozwa na kidole, kilichopimwa kila dakika 30, jingine na laktati ya damu (asidi inayopanda mwili ukielemewa), iliyopimwa kila saa 2. Kufikia siku ya 28 walikuwa wamefariki asilimia 34.9 ya kundi la kidole na 43.4 ya kundi la laktati. Hesabu za takwimu hazikutosha kuthibitisha kwamba kidole kinaokoa maisha (p, kipimo cha uwezekano kwamba tofauti ni ya bahati tu, ilikuwa 0.06, juu kidogo ya kikomo cha kawaida cha 0.05), na tusiseme zaidi ya hapo. Hata hivyo kundi la kidole lilipewa maji machache zaidi ndani ya saa 8 za kwanza, na viungo vyao vilikuwa na hali nafuu kufikia saa 72.

Sababu naiona kwenye laktati yenyewe. Hupanda kwa adrenalini, kwa salbutamoli, kwa degedege, kwa ini lililochoka, na hushuka polepole hata damu ikishafika kila mahali. Ukiifukuza kwa dripu, unajaza mapafu maji kwa tatizo ambalo maji hayalitibu. Kidole hujibu ndani ya dakika chache.

Kidole kikichelewa, usikimbilie chupa nyingine. Kwanza jaribu kama moyo utanufaika na maji: mgonjwa akiwa ameinuliwa mgongo, lalisha kiwiliwili na pandisha miguu nyuzi 45 kwa kugeuza kitanda, si kwa kumshika miguu, maana maumivu yatabadilisha mapigo. Angalia ndani ya dakika moja. Kiasi cha damu inayosukumwa na moyo kikiongezeka asilimia 10 au zaidi, mpe mililita 500 kwa dakika 30, kisha pima kidole tena. Kisipoongezeka, maji yaishie hapo. Kwa mwenye shinikizo la juu la siku nyingi, ongeza noradrenalini upandishe wastani wa shinikizo hadi 80–85 kwa saa moja uone kama kidole kitabadilika. Kisipobadilika, rudisha dozi chini. Hatua inayofuata ni dobutamini, dawa ya kuupa moyo nguvu ya kusukuma, kiasi kidogo, huku ukichunga mapigo.

Kidole kikibaki sekunde 5 baada ya yote hayo, mwite daktari wa upasuaji, kwa kuwa huenda kuna usaha tumboni ambao hakuna aliyeutafuta.