Kusoma mwaka kwenye sarafu za zamani za Japani

Ukiishika sarafu ya Japani ya miaka mia iliyopita, usihangaike kutafuta 1905 au 1922. Tafuta herufi moja tu, 年, yaani "mwaka". Tarehe inaishia hapo. Zinazoitangulia ni tarakimu, na kabla ya tarakimu kuna herufi mbili za jina la enzi ya mfalme.

Enzi za kukariri si nyingi. Kwa 明治 (Meiji) ongeza 1867, kwa 大正 (Taisho) 1911, kwa 昭和 (Showa) 1925. Za karibuni ni 平成 (Heisei), 1988, na 令和 (Reiwa), 2018. Meiji ilianza 1868, lakini mwaka wake wa kwanza ni wa 1, si wa 0. Anayeongeza 1868 atakosea mwaka mmoja kila sarafu.

Tarakimu ni 一 二 三 四 五 六 七 八 九 十, kuanzia moja hadi kumi. Kilicho kabla ya 十 kinazidishwa, kilicho baada yake kinajumlishwa. Mwaka wa kwanza wa enzi huandikwa 元, si 一.

Sasa chukua yeni moja ya fedha yenye joka, uizungushe hadi ONE YEN ikae chini. Juu upande wa kulia pana 大日本, "Japani Kuu". Upande wa kushoto pana 明治三十八年. Maandishi yanakwenda kulia kuelekea kushoto, na hapa ndipo wengi wanapopotea: wakianza kushoto wanakuta 年八十三, wanasoma themanini na tatu. Meiji iliishia mwaka wa 45! Soma vizuri: tatu mara kumi, na nane, 38. Jumlisha 1867, unapata 1905. Sarafu za leo zinasomwa kushoto kwenda kulia.

Sarafu ikichakaa, 三 hupoteza mstari ikaonekana 二, na 七 hufanana na 十 mkia wake ukifutika. Usiisugue. Iweke chini ya taa moja inayomulika kutoka ubavuni, uizungushe taratibu huku ukitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kivuli kitaonyesha mstari ambao mwanga wa juu unauficha.

Zile zenye tundu la mraba ni habari nyingine. 寛永通宝 (Kan'ei Tsuho) inasomwa juu, chini, kulia, kushoto, na haina mwaka kabisa. Kan'ei ni enzi ya 1624 hadi 1644, ila sarafu zenye jina hilo zilianza kutengenezwa kwa wingi 1636 na ziliendelea hadi miaka ya 1860. Ukiona 文 mgongoni, hiyo ni ya kuanzia 1668. Mawimbi 21 mgongoni ni ya 1768. Mawimbi 11 ni ya kuanzia 1769.

Na ukikuta joka lakini enzi ni 光武 au 隆熙, umeshika sarafu ya Korea: ongeza 1896 kwa ya kwanza, 1906 kwa ya pili.