Je, wajua? Ruta haianzi kwa kutafuta njia fupi

Ukiuliza ruta, kifaa kinachoelekeza data mtandaoni, huchaguaje njia pale zinapokuwepo kadhaa, wengi watakujibu papo hapo: inachukua iliyo fupi. Ufupi huangaliwa, ila baadaye. Kwanza ruta hupekua jedwali lake la njia na kutafuta mstari unaoitaja anwani ya pakiti (kipande cha data kinachosafirishwa) kwa undani kuliko mingine.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoiangusha YouTube tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeagiza YouTube ifungwe nchini humo, na Pakistan Telecom ikatengeneza njia ya kuzitupa shimoni pakiti zote za YouTube. Njia hiyo ilipaswa kubaki ndani. Ikavuja hadi PCCW, kampuni ya mawasiliano ya Hong Kong, nayo ikaisambaza duniani bila kuihoji.

Sasa tazama namba. YouTube ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, yaani fungu la anwani 1,024. Pakistan ikatangaza 208.65.153.0/24, anwani 256 zilizomo katika fungu hilohilo. Tarakimu iliyo baada ya mkwaju ni idadi ya biti (sifuri na moja) za mwanzo wa anwani zinazotakiwa kulingana, na 24 huishinda 22. Basi, mchezo umekwisha. Umbali haukuulizwa, wala mwenye mali ni nani. Kwa takriban saa mbili watazamaji wa nchi nyingi walikuwa wakipelekwa Pakistan. YouTube nayo ikajibu kwa silaha ileile: ikatangaza /24 yake, kisha mafungu mawili ya /25, madogo zaidi.

Mafungu yakiwa sawa, ruta huangalia nani kaileta habari. Kwenye ruta za kampuni ya Cisco kila chanzo kina namba yake, na ndogo ndiyo huaminiwa: waya uliochomekwa moja kwa moja ni 0, njia aliyoiandika fundi ni 1, na kwa itifaki, yaani kanuni ambazo ruta hutumia kupashana habari za njia, OSPF ni 110, RIP ni 120.

Hapo ndipo urefu unapoingia, na hata huo kila itifaki huupima kivyake. RIP huhesabu ruta za kupita tu, hivyo itachagua waya mbili za kobe na kuziacha tatu za faiba. OSPF ina akili zaidi: hujumlisha gharama zinazotokana na kasi ya kila kiungo. Njia mbili zikitoshana, zote hutumika, ila pakiti za mawasiliano mamoja kwa kawaida hupitishwa upande mmoja zisifike zimepishana.

Baina ya kampuni na kampuni, BGP, itifaki ya kupashana njia kati ya mitandao, ndiyo hutawala, na humo pesa huongea kabla ya umbali. Msimamizi wa mtandao huipa kila njia alama ya upendeleo, na alama hiyo husomwa kabla ya kuhesabu mitandao ya kupita. Njia inayopitia kwa mteja anayemlipa kwa kawaida hupewa alama ya juu kuliko ile anayoilipia yeye, hata kama ya mteja inazunguka.