Sio baridi ya Mbeya, ni figo: maswali ya wazazi kuhusu vipimo vya damu vya watoto

Mimi niko maabara hapa Mbeya, natoa damu na kusoma majibu. Mwezi wa sita na wa saba ndo wanaletwa watoto macho yamevimba mpaka hayafunguki vizuri, ukiuliza tangu lini unaambiwa wiki ya tatu sasa, tulijua ni baridi. Maswali ni yale yale kila siku dirishani, nimeona bora niyaandike.

*Mwanangu akiamka uso umevimba, mchana unapungua. Si ni baridi tu?*
Sio baridi. Baridi inapasua midomo na mashavu, haijazi maji kwenye kope. Uvimbe unapungua mchana kwa sababu mtoto kashinda amesimama, maji yameshuka miguuni, mvue soksi jioni uone mpira ulivyozama. Kushuka sio kupona, mama. Mlete.

*Jirani anasema amenona.*
Kwa wiki moja, na chakula hataki? Angalia mkojo, kama una povu lisiloisha au una rangi ya kola, achana na jirani, njoo.

*Kreatinini ni nini?*
Ni taka inayotoka kwenye misuli, figo ndo inaitoa. Figo ikichoka, inabaki kwenye damu.

*Majibu yameandikwa kawaida, mbona daktari kashtuka?*
Hapa naomba tuelewane. Fomu nyingi zina kiwango cha mtu mzima, kama 60 mpaka 110 (mikromoli kwa lita). Mtoto wa miaka 3 ana misuli kidogo, kwa kawaida kreatinini yake haifiki 40. Sasa ikija 90 mzazi anasoma fomu anafurahi, kumbe figo zina hali mbaya. Ndo maana tunampima urefu, sio kwamba tunapoteza muda: tunachukua 36.5 mara urefu, tuseme sentimita 95, tunagawa kwa 90, inakuja kama 38, hiyo ndo kasi ya figo kuchuja damu, wakati kwa umri huo inatakiwa 90 kwenda juu. Na mtoto aliyekonda sana kreatinini inaweza kuonekana nzuri kwa vile misuli haina kitu, kwa huyo, kipimo cha sistatini C kikipatikana kinasaidia zaidi, maana hicho hakitegemei sana misuli.

*Basi kreatinini ikiwa sawa kwa umri wake, figo ni nzima?*
Hapana. Inachelewa kupanda, figo inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu bado namba inacheka. Kuna watoto kreatinini safi kabisa lakini figo inavujisha protini kwenye mkojo, albumini, protini kuu ya damu, imeshuka chini ya 30 (gramu kwa lita), kolesteroli iko juu. Damu ya hawa ukiizungusha mashineni maji yake ya juu wakati mwingine yanatoka meupe kama maziwa badala ya njano, ukiona hivyo hata kabla ya namba unajua. Kwa hiyo mkojo tunapima kila mara, damu peke yake haitoshi.

*Yuria je?*
Nayo ni taka, ya protini, figo ndo inaitoa, ila inapanda hata mtoto akiharisha akakaukiwa maji. Tunaisoma pamoja na vingine.

*Kwa nini mmeuliza habari za upele?*
Kwa sababu vidonda vya upele vilivyooza, au koo, vinaweza kuleta ugonjwa wa figo baadae, koo wiki moja mpaka mbili, ngozi hata wiki tatu mpaka sita. Mzazi keshasahau kidonda, sisi tunakitafuta kwenye damu kwa vipimo vya ASO (alama kwamba mwili ulipigana na bakteria wa kidonda au koo) na C3 (protini ya kinga inayoshuka kwenye ugonjwa huu).

*Potasiamu imepanda, tumekatazwa ndizi na parachichi. Mtoto wa Tukuyu ale nini?*
Najua, na viazi pia vimo, pole. Lakini potasiamu ni madini ambayo figo ikichoka yanabaki kwenye damu, na ikipita 6 (milimoli kwa lita) moyo unaweza kusimama ghafla. Daktari atakwambia kiasi, usijipangie.

*Mnamnyonya damu nyingi.*
Mililita 3 hivi, kijiko cha chai hakijai.

*Tulianza na mizizi ya kutoa maji, na diklofenaki ya duka la dawa.*
Jamani. Diklofenaki na ibuprofeni zinaiumiza figo ambayo tayari inaumwa, na hiyo mizizi hakuna anayejua kipimo chake. Mnatuletea mtoto wiki ya nne hakojoi kabisa halafu mnatuuliza mbona majibu mabaya. Uso umevimba leo asubuhi, kipimo ni leo. Sio baridi.

*Leo Jumamosi, nisubiri Jumatatu?*
Usisubiri, dharura ipo wazi. Kama hakojoi, anapumua kwa shida, kichwa kinamuuma sana au amepata degedege, hata usiku wa manane. Ukiweza bebea mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye chupa safi, na isiwe ya juisi, juzi nimeletewa ya juisi kipimo kikasoma sukari, mama wa watu akaanza kulia kisukari pale pale korido.