Sakamoto, Alva Noto na mkia wa sauti

Mwezi uliopita kijana ninayemfundisha kurekodi hapa Bagamoyo aliniletea rekodi ya marimba ya Kigogo, ile ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, aliyoifanya nyumbani kwao. Alikuwa ameisafisha kwa programu ya kompyuta siku mbili nzima. Mvumo wa umeme hakuna, kunguru hakuna, na ule mkoromo wa marimba yenyewe umekwenda. "Mwalimu, sasa imetakata," akaniambia. Nilisikiliza nikasikitika. Tundu la marimba ile limezibwa kwa utando wa buibui makusudi, ili kila ulimi wa chuma ukipigwa ukorome. Fundi aliyeitengeneza aliutaka mkoromo ule. Marehemu Hukwe Zawose, mpiga marimba wa Kigogo aliyeishi na kufanya kazi mjini hapa hadi alipofariki mwaka 2003, hakuuondoa hata alipotoa albamu ya *Assembly* mwaka 2002 na Michael Brook, Mkanada wa magitaa na mitambo.

Nikamwekea kijana spikani *Vrioon*.

Hiyo ni albamu ya kwanza ya Ryuichi Sakamoto na Carsten Nicolai, anayejiita Alva Noto. Ilitoka mwaka 2002. Sakamoto, Mjapani aliyezaliwa 1952, alikuwa na jina kubwa zamani: alianza na kundi la Yellow Magic Orchestra mwaka 1978, na mwaka 1988 akapata Oscar, pamoja na wenzake wawili, kwa muziki wa filamu ya *The Last Emperor*. Nicolai, wa mwaka 1965, anatoka Chemnitz, Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Alisomea usanifu wa bustani na mandhari, akawa msanii wa maonyesho, na kwenye sauti aliingia kama mtu anayechora kwa rula.

Sikiliza wanavyogawana kazi. Piano ikishapigwa huanza kufa papo hapo. Sauti inapungua mpaka inamalizikia hewani. Sakamoto anapiga noti chache, halafu anaacha. Nicolai anafanya kazi kwenye mkia huo: anaukata, anaurudia, anauwekea chini sauti tupu isiyo na rangi, ile ile ambayo sisi mafundi mitambo tunapimia spika. Juu yake vinapita vidonoo vidogo, kama ukucha ukigonga meza. Hakuna anayemjazia mwenzake nafasi. Vijana wengi ninaowarekodi wakialikana kwenye wimbo kila mmoja anataka asikike mwanzo mwisho, na miksa inajaa kama daladala ya jioni. Hilo linaniuma, kwa sababu vipaji wanavyo.

Baada ya hapo zikaja *Insen*, *Revep*, *utp_* na *Summvs* ya mwaka 2011. Panga herufi za mwanzo za albamu zote tano utasoma VIRUS. Kila mmoja aliendelea pia na wanamuziki wengine wa sauti za elektroniki: Nicolai na Ryoji Ikeda, Sakamoto na Fennesz. Sakamoto alipougua saratani ya koo kisha akaombwa muziki wa *The Revenant*, filamu ya 2015, alimwita Nicolai amsaidie.

Lakini kazi yao ninayoirudia zaidi ni *Glass*. Mwaka 2016 waliingia kwenye nyumba ya vioo ya Philip Johnson kule New Canaan, Marekani, wakabandika kwenye kuta zake mikrofoni za kugusa, zinazonasa mtikisiko wa kitu zilichobandikwa. Sakamoto akawa anasugua kioo kwa nyundo za mpira, nyumba nzima ikalia.

Hilo tulilijaribu. Tulichomoa kijisahani cha piezo, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kwenye kengele ya mlango iliyokufa, tukakilehemu waya, tukakibandika kwa solotepu kwenye kioo cha kabati la vyombo la mama yake kijana. Piezo haisikii hewa, inasikia kitu kinachotikisika tu, ndiyo maana bodaboda zilipita nje na hazikuingia. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye miksa besi inapotea; ipitishe kwanza kwenye kiboksi cha DI, kile kinachounganisha gitaa na miksa. Kijana akalowesha kipande cha kandambili, akakiburuta taratibu juu ya kioo. Ukatoka mgumio mzito, kama jahazi linavyougulia likiwa limefungwa, na kwa mbali vikombe vikitetema ndani.

Mvumo wa friji ulikuwamo. Umeme wetu ni hezi 50, karibu kabisa na noti ya G ya chini ya piano, ambayo ni hezi 49. Safari hii hakuufuta. Alisogeza ulimi mmoja wa marimba mpaka ukapatana nao.

Sakamoto alifariki tarehe 28 Machi 2023. Kabla ya hapo alikuwa ameipata piano iliyozama kwenye tsunami ya 2011 huko Miyagi, nyuzi zake zimelegea kwa maji ya bahari, na akaipiga hivyo hivyo ilivyo kwenye albamu yake ya *async*. Mimi ninayefuta kutu ya chumvi kwenye plagi zangu kila wiki nilimwelewa.

Rekodi ya kijana ina dakika sita. Kwenye ya nne friji lilijizima lenyewe, marimba ikabaki peke yake na mkoromo wake. Hatukukata.