Mamluki tisa wa mzee Burns: staa asiyejua kuigiza anabebwaje kwenye katuni

Studio za sauti hapa Dar zote zinalijua hili ombi. Mteja anapiga simu ana furaha mpaka sauti inatetemeka, "tumempata fulani, atatia sauti kwenye katuni yetu!", ukiomba skripti unaletewa maneno ukurasa mzima, staa anaongea peke yake mwanzo mwisho, mara alie, mara acheke, mara atongoze, na huyo staa mwenyewe ni mcheza mpira ambaye hajawahi kuigiza hata igizo la shule. Mimi kazi yangu ni kuelekeza sauti, yaani nakaa upande wa pili wa kioo namwambia mtu rudia, sogea kwenye maiki, usipumue hapo, na msimamo wangu haujawahi kubadilika, hapo tatizo sio staa bana, tatizo ni mwandishi. Nikibishiwa nawawekea episodi moja ya ile katuni ya Kimarekani The Simpsons, inaitwa Homer at the Bat, ya msimu wa 3, ilirushwa Fox kule Marekani tarehe 20 Februari 1992. Kwangu mimi hiyo ndio darasa.

Kisa chenyewe kifupi. Homer anafanya kazi kiwanda cha umeme wa nyuklia, kiwanda kina timu ya softiboli, mdogo wake besiboli, timu mbovu kupita maelezo. Homer anajichongea fimbo ya kupigia kutoka kwenye tawi la mti uliopigwa radi, akiishika hiyo fimbo hakuna mpira unaorudi, timu inashinda mpaka fainali. Mwenye kiwanda, mzee Burns, anaweka dau la dola milioni 1 na mwenye kiwanda cha mji jirani wa Shelbyville, na kwa sababu ni mzee Burns, hawezi kuacha mambo yaende hivihivi, anaamua kuchomeka mamluki. Aliyewahi kucheza UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, au bonanza lolote la kazini hahitaji kuelezwa hiki kitu, unafika uwanjani unakuta timu ya uhasibu ina straika mwenye mapaja kama ya farasi na hakuna mtu hata mmoja ofisini anayejua anakaa meza gani.

Orodha ya kwanza ya mzee Burns haifai, wote aliowataka ni marehemu, kuna mmoja amekufa miaka 130 iliyopita. Kwa hiyo msaidizi wake Smithers anazunguka kuwasaka walio hai, anarudi na tisa wa ligi kuu ya besiboli: Roger Clemens, Wade Boggs, Ken Griffey Jr., Steve Sax, Ozzie Smith, José Canseco, Don Mattingly, Darryl Strawberry na Mike Scioscia. Wanapewa ajira za geresha pale kiwandani ili waonekane wafanyakazi. Na kila mmoja sauti ni yake mwenyewe, anajicheza mwenyewe. Kama hufuatilii besiboli elewa tu kwamba mwaka 1991 hayo yalikuwa majina mazito, watoto wa Marekani walikuwa wanakusanya kadi zenye picha zao.

Sasa hao watu tisa utawapataje? Wazo lilikuwa la Sam Simon, wenzake kwenye chumba cha waandishi hawakuliamini sana, ila skripti akapewa John Swartzwelder ambaye besiboli inatembea kwenye damu yake. Ligi ilikuwa inaendelea, wachezaji wako safarini muda wote, kwa hiyo walichofanya ni kuvizia. Timu ikija Los Angeles kucheza na Dodgers au Angels, wanamdaka mchezaji wao, anapelekwa studio, anasema maneno yake, anaondoka. Kazi hiyo ilichukua kama miezi 6 kuwamaliza wote. Kuna waliokataa pia, mfano Nolan Ryan na Rickey Henderson.

Hebu lifikirie hilo kwa jicho la fundi. Unampata mtu kwa muda mfupi, kachoka, akili yake iko kwenye mechi ya jioni, sio mwigizaji, na waigizaji wenzake hayupo hata mmoja wa kumrushia maneno. Ukimpa hotuba umekwisha.

Hapa kuna kitu watu wengi wa huku hawakijui, kwa sababu tumezoea kudabi, yaani kuiwekea muvi ya watu sauti za lugha yetu. Kwenye kudabi picha imeshakamilika, mdomo unacheza pale kwenye skrini, wewe unaufukuzia, ukichelewa kidogo tu inaonekana. Na wale madijei wa kutafsiri muvi, kina DJ Afro, hao hata mdomo hawaufukuzii, wanaongea juu yake basi na watu wanafurahi. Ila katuni inayotengenezwa kutoka mwanzo, kama The Simpsons, inaenda kinyume, sauti inarekodiwa kwanza ndio wachoraji wanachora kufuata sauti. Yaani mcheza besiboli akinyamaza katikati ya sentensi kwa sababu kapotea mstari kwenye karatasi, mchoraji anaweza kukigeuza kile kimya, akakichorea jicho la kujiuliza, na wewe mtazamaji utaona ni uigizaji. Alafu mhariri anakata, anachukua neno la teki ya nne, yaani mara ya nne mtu aliporudia, anaunga na la teki ya pili, mdomo wa kufuatisha bado haujachorwa kwa hiyo hakuna wa kumkamata. Huo uhuru kwenye kudabi haupo kabisa.

Lakini kukata na kuunga kuna mwisho wake, kazi kubwa ilifanyika kwenye karatasi, na ukitaka kuiona angalia kila staa amepangwa na nani. Steve Sax anakamatwa na polisi barabarani, wakisikia katokea New York basi wanambambikia kesi zote za mauaji za jiji hilo ambazo hazijapata mtu. Wanaoongea pale ni polisi wawili, Lou na Eddie, Lou ni sauti ya Hank Azaria, Sax kazi yake ni kujitetea kwa vineno vifupi. Wade Boggs anabishana baa na mlevi Barney kuhusu waziri mkuu bora wa Uingereza, Boggs anashikilia Pitt Mkubwa, Barney anasema Lord Palmerston, hakuna anayekubali kushindwa na ubishi unaisha kwa ngumi, Boggs chini. Barney ni Dan Castellaneta, huyohuyo anayefanya Homer. Mattingly anapangwa na mzee Burns, ambaye ni Harry Shearer. Umeona mchezo? Kila mgeni kafungwa pembeni ya mwenyeji mwenye koo la dhahabu, mwenyeji ndio anabeba mdundo, anabeba hasira, anabeba vichekesho, mgeni anajibu tu. Na majibu yake yameandikwa ili yachekeshe yakisemwa bila hisia yoyote. Mtu mkavu anayebishania mawaziri wakuu wa Uingereza ndani ya baa anachekesha zaidi kuliko mwigizaji anayejua kuwa anachekesha.

Yule ambaye mambo yalimuwia magumu ni Griffey. Kijana wa miaka 21, baba yake naye kakaa ndani ya studio anamfundisha afanyeje (hapo namuonea huruma kila nikifikiria, mzazi kwenye chumba cha kurekodi ni mtihani, anayebisha aje siku nikiwa na watoto). Kwenye stori Griffey anakunywa dawa ya nguvu ya ubongo na neva, anaipenda, na anatakiwa kuisifia kwa sentensi ya kipuuzi kwamba mdomoni mwake kuna sherehe na watu wote wamealikwa. Hakuielewa. Akarudia, akarudia tena, akaanza kukasirika. Hii ni sentensi moja tu, na tabu yake ni kwamba inadai uigizaji, inataka mtu aonje ladha ya kinywaji ambacho hakipo. Wenzake walipewa maneno ambayo mtu wa kawaida angeyasema kwa sauti yake ya kila siku, yeye akapewa shairi. Alafu dawa hiyohiyo inamvimbisha kichwa anaishia hospitali, kwa hiyo mbele ya safari hana mengi ya kusema, picha inamalizia kazi.

Canseco yeye aligoma. Kipande alichoandikiwa mwanzo kilimweka kitandani na mwalimu Krabappel, hakukitaka, akadai kibadilishwe. Waandishi wakambadilishia, na mimi nasoma kisasi pale: sawa, unataka kuwa shujaa? Wakamfanya shujaa kupita kiasi. Anakuta nyumba inaungua, anamuokoa mtoto, anamuokoa paka, yule mama mwenye nyumba akinogewa anamwomba amtolee na kinanda, mashine ya kufulia, vyombo vya ndani, jamaa anabeba tu mpaka mechi inampita. Kwa upande wa sauti ile sini ni rahisi kupindukia, anahema, anaitikia, anabeba.

Clemens ndio kanifurahisha kuliko wote, manake yeye aliitendea haki kazi ya maiki. Mzee Burns analeta mtaalamu wa kuwalaza wachezaji usingizi wa kiini macho ili wacheze vizuri, ikimgeukia Clemens anabaki anajiona kuku mpaka mwisho wa episodi, na ile milio ya kuku kaitoa mwenyewe. Mrushaji mkali vile kukubali kuwika na kulia kama kuku mbele ya watu asiowajua, heshima kwake. Na hiyo sini ya usingizi itazame mara mbili. Wachezaji wanaitikia kwa pamoja, kwa sauti moja bapa, kila wanaloambiwa: sisi ni wachezaji wazuri sana, tutaifunga Shelbyville. Mtaalamu akiwaambia watajituma asilimia 110, wote kwa sauti ileile ya usingizi wanamkatalia, haiwezekani, hakuna anayeweza kutoa zaidi ya mia. Mwandishi ana watu ambao hawajui kuigiza, anafanya nini? Anawalaza. Usomaji wa kamusi, ule ambao kila siku namkataza mtu studio, hapo ndio unatakiwa. Na sentensi ya kuitikia namna hiyo hata ungerekodi kila mtu siku yake inapangika juu ya nyingine bila shida, hakuna hisia za kulinganisha.

Kuhusu Mattingly kuna bahati fulani ya ajabu. Mzee Burns anamsumbua anyoe ndevu za shavuni, jamaa ananyoa mpaka nusu ya nywele za kichwa, mzee bado anaziona, anamfukuza timu. Watu wengi wanadhani walikuwa wanamtania kwa tukio la kweli, kwa sababu Agosti 1991 timu yake, Yankees, walimweka benchi kweli kwa kukataa kupunguza nywele. Ila kipande kilikuwa kimeandikwa kabla ya hapo. Na Shearer, ambaye koo lake ndio linaendesha sini hiyo nzima, hakuipenda episodi hii, yeye na Julie Kavner anayefanya sauti ya Marge mke wa Homer, waliona wageni wamemeza kila kitu, na utani wa ndevu ndio hasa uliwakera. Nawaelewa, ukiwa mwenyeji unaona kiti chako kinakaliwa na mgeni. Lakini sikiliza alivyoifanya, hakuna hata silabi iliyolegea, na huo ndio utofauti wa mtu wa kazi.

Mwishoni wote wanane wamepatwa na majanga, Ozzie Smith katumbukia kwenye shimo lisilo na mwisho kwenye kivutio cha watalii, Scioscia kaugua mionzi kwa sababu yeye peke yake ile ajira ya geresha aliichukulia serious, kabaki Strawberry. Huyu kwenye maisha halisi alikuwa na sifa ya kugombana na makocha, hapa kawekwa kuwa mpambe namba moja wa kocha, kila neno ndio mzee. Hilo linabeba kicheko chote, yeye anatakiwa tu kuwa mpole. Anapiga mipira inatoka nje ya uwanja mmoja baada ya mwingine, na bado dakika ya mwisho mzee Burns anamtoa anamuingiza Homer, kisa mrushaji wa Shelbyville anatumia mkono wa kushoto na hesabu za besiboli zinasema mpigaji wa mkono wa kulia anamfaa zaidi. Vituo vyote vitatu vya kukimbilia vina watu wa timu ya Burns. Homer anapigwa na mpira kichwani anazimia, na sheria inasema aliyepigwa anaenda kituo cha kwanza, kwa hiyo walioko mbele wanasukumwa na mmoja anaingia nyumbani, hiyo ni pointi. Ushindi kwa kuzirai.

Usiku ule iliporushwa, The Simpsons iliipiku The Cosby Show, kipindi kikubwa cha kituo pinzani, kwa watazamaji kwa mara ya kwanza ikiwa na episodi mpya, na mwaka 2017 jumba la kumbukumbu la besiboli kule Cooperstown lilimwingiza Homer kwa heshima.

Mastaa kwenye hiyo katuni wameendelea kuja kwa miaka mingi, mi nadhani wengi wa miaka ya baadaye wanaletwa wasifiwe tu, anaingia, wenyeji wanashangaa "wewe sio fulani?", anatoa mstari, anatoka. Hakuna anayepigwa ngumi. Desemba mwaka huohuo wa 1992 Elizabeth Taylor, mwigizaji haswa, alipewa neno moja tu, neno la kwanza la mtoto Maggie, na lile neno lilitegemewa na episodi nzima.

Kwa hiyo mteja wangu ukisoma hapa, skripti yako nimekurudishia. Straika wako nimemuachia mistari sita, hakuna unaozidi maneno manane, na ile hotuba ya machozi nimempa bibi muuza maandazi, kwa sababu bibi anafanywa na mtu anayejua kulia. Straika anatakiwa kudai chenji yake tu.