Gari Limeshatolewa Relini, Mbona Treni Haiondoki?

Kirikuu kilichobeba ndizi kilizimika juu ya reli, kwenye kivuko cha kijijini, tulipokuwa tukikaribia Kahe kuelekea Moshi. Dereva wake aliruka akapona. Treni ilikisukuma kando, ikaenda kusimama mbali mbele. Baadaye vijana wa kijiji walikivuta hadi shambani, na abiria wakaanza kunung'unika. "Fundi, njia si nyeupe sasa? Tunangoja nini?" Siku ile nilikuwa abiria kama wao, ila kazi yangu ni breki za treni, basi maswali yote yakanijia mimi.

Nianze na lawama ya kwanza, kwamba dereva alichelewa kushika breki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, treni inapita karibu mita 14 kila sekunde. Chuma juu ya chuma hakishiki kama tairi juu ya lami, na breki za mabehewa hukamata zikifuatana kutoka mbele hadi nyuma. Treni ya abiria kwa mwendo huo inaweza kuhitaji mita 200 na zaidi ili isimame. Mahindi yakishakuwa marefu kwenye kona, dereva anaweza kuliona gari likiwa mita 100 tu mbele yake. Hana usukani wa kulikwepa.

Sasa kuhusu kungoja. Wengi hudhani breki za treni hukazwa kwa kujaza upepo kwenye bomba. Ni kinyume chake: upepo uliojaa kwenye bomba kuu, linalopita chini ya mabehewa yote, ndio unaoziachia. Mpango huo aliubuni Mmarekani George Westinghouse miaka ya 1870, ili bomba likikatika popote treni ijikamate yenyewe. Hose ya bomba hilo huning'inia mbele ya kichwa cha treni, palepale gari linapogongwa. Ikipasuka, breki haziachii. Na hata kama inaonekana nzima, lazima bomba lijazwe upya, breki zikazwe, mtu atembee hadi behewa la mwisho kuhakikisha zimekamata, kisha ziachiwe na kukaguliwa tena. Mimi siko tayari kupanda treni iliyogonga gari ikaondoka bila kufanya hivyo, hata kama nina msiba wa kuwahi.

Kuna tangi la dizeli pia. Limefungwa chini ya kichwa cha treni, karibu na ardhi, na bati la gari lililosagwa linaweza kulitoboa. Fundi huingia chini na tochi hata saa sita mchana.

Lakini kinachonitia hofu kuliko vyote ni kivuko chenyewe. Kila gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka upande wa ndani wa reli. Penye kivuko, barabara hupandishwa hadi usawa wa reli, kwa hiyo ukingo huo hupita kwenye mfereji mwembamba. Kipande cha bampa, jiwe, hata udongo ulioshindiliwa na malori ukijaa humo, gurudumu linaweza kupanda na kuiacha reli. Ndiyo maana mtu wa njia hukwangua mfereji ule kwa chuma, halafu hupima kama reli bado zimeachana milimita 1,000 kama inavyotakiwa kwenye reli hii. Abiria dirishani humwona ameinama tu, wakadhani anapoteza muda.

Reli hii Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, ikasogezwa hadi Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Kisha treni za abiria zikatoweka kwa zaidi ya miaka 20, hadi zilipofika tena Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Katika kipindi hicho watoto wamezaliwa, wamekua, wamepata leseni za udereva, na reli kwao ilikuwa mahali pa kuanikia mahindi na kupitisha ng'ombe. Siwalaumu. Nani aliwafundisha kusikiliza honi ya kitu ambacho hakikuwa kikipita? Ningependa somo hilo litolewe kwenye vijiwe vya bodaboda na shule zote zilizo kando ya njia, kabla ya kufikiria mageti ya gharama.

Gari likikuzimikia relini, usibaki ukipiga starta. Shusha watu wote, ndizi ziache. Treni ikiwa imeshakaribia, kimbieni kwa mshazari, mkitoka relini huku mkielekea upande inakotokea, kwa sababu vyuma vitarushwa kule inakokwenda. Kama bado haijaonekana, tuma mtu kila upande wa reli, atembee pembeni ya njia walau nusu kilomita, na akiiona apunge kwa nguvu kitambaa chekundu. Akikosa chekundu, apunge chochote alichonacho, au mikono yote miwili juu ya kichwa. Dereva wa treni akiona mtu anapunga hivyo, anajua anaambiwa asimame.